Picha Inayolala Ubavu: Isimamishe Kabla ya Kuipeleka Kuchapishwa

Nina studio ndogo hapa Kampala, na riziki yangu kubwa ni picha za kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) na harusi. Siku moja nilifungua albamu iliyotoka kuchapishwa nikamkuta bibi harusi, na gomesi yake (vazi la heshima la wanawake wa Uganda), amelala ubavu kurasa nne. Kwenye kompyuta yangu alikuwa amesimama wima. Iliniuma, maana siku ile hairudi. Tangu hapo, faili haliondoki kwangu kabla ya kupita hatua hizi.

Kwanza ujue kinachotokea. Ukiishika simu wima, kwa kawaida kamera yake haipangi upya pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha; inaziandika kwa mpangilio wake ule ule. Simu huhisi mvuto wa ardhi, kisha huweka namba ndani ya faili, kwenye Exif, yaani taarifa za picha ambazo kamera huzificha ndani ya faili. Namba 1 ni picha iliyo sawa. 6 inaiambia programu igeuze nyuzi 90 kufuata mishale ya saa, 8 nyuzi 90 kinyume chake, na 3 nyuzi 180. Zile 2, 4, 5 na 7 ni za picha zilizopinduliwa kama kwenye kioo, ni nadra. Programu inayoisoma namba inakuonyesha picha wima. Isiyoisoma inakuonyesha pikseli zilivyolala. Jihadhari pia unapopiga cheti kilicholazwa mezani: simu ikitazama chini moja kwa moja, haiwezi kujua juu ni wapi, hivyo namba huweza kukosewa.

Hatua ya 1: Nakili folda nzima, ufanye kazi kwenye nakala.

Hatua ya 2: Soma namba. Ukiwa na ExifTool, programu ya kusoma taarifa hizo, andika kwenye dirisha la amri la kompyuta (picha.jpg ni jina la faili lako):

exiftool -n -Orientation -ImageSize picha.jpg

Hatua ya 3: Kwa picha moja moja natumia GIMP, programu ya kuhariri picha. Ikikuta namba isiyo 1, huuliza kama igeuze picha. Chagua "Rotate", kisha hifadhi faili kwa "Export As". Sasa pikseli zenyewe zimegeuka na namba imerudi 1. Yote mawili lazima yaende pamoja. Programu ikigeuza pikseli na kuacha 6 palepale, programu inayofuata itageuza tena, na utazunguka usiku kucha ukitafuta kosa.

Hatua ya 4: Picha zikiwa mia tatu, tumia ImageMagick, programu inayoshughulikia picha nyingi kwa amri moja:

mogrify -auto-orient *.jpg

Inaandika juu ya faili zilizopo, ndiyo sababu ya hatua ya 1. Tena inabana JPEG upya, ubora ukapungua kidogo. Mimi napendelea amri jhead -autorot *.jpg; programu ya jhead huitumia programu nyingine, jpegtran, kwa hiyo zote mbili ziwe kwenye kompyuta. JPEG huhifadhiwa kwa vipande vidogo vya mraba, na jpegtran huvipanga upya bila kubana picha mara ya pili. Upande usipogawanyika sawasawa kwa kipimo cha vipande, ukingo mwembamba unaweza kukatwa: kwa mfano, upande wa pikseli 3000 haugawanyiki kwa vipande vya pikseli 16, hubaki pikseli 8. Kwenye albamu hazionekani.

Hatua ya 5: Rudia amri ya hatua ya 2. Namba iwe 1, na kwa picha ya wima upana uwe mdogo kuliko urefu. Usiamini kijipicha unachokiona kwenye folda. Huenda kimehifadhiwa peke yake, na kinaweza kubaki kimelala hata picha yenyewe ikiwa imeshasimama.