Damu ya bandia kwenye midoli bila kuharibu mdoli

Picha nyingi za midoli zenye damu zinaharibika kwa kitu kimoja tu, damu kuzidi. Mdoli wa sentimita 15 ni mtu aliyepunguzwa mara 12 hivi, tone la damu ambalo kwetu sie lina milimita 4 au 5 kwake yeye liwe chini ya nusu milimita, sasa mtu anachukua brashi anammwagia kifuani halafu anashangaa watu wanamuuliza mbona kamwagiwa chilisosi. Chukua sindano au kijiti cha meno, chovya ncha, gusa, basi.

Rangi nayo, nyekundu ya kopo peke yake haifai hata siku moja, kwenye simu inawaka mpaka huoni umbo. Tia kahawia kidogo na buluu kiduchu mno, ile ya ncha ya sindano, kisha jaribu kwenye karatasi nyeupe: ukiitandaza iwe nyekundu, ikijikusanya ikaribie weusi. Damu mbichi huwa nyekundu, iliyokauka inageuka kahawia, kwa hiyo kama mdoli wako kapigwa jana usimpake ya leo. Kuna watakaokwambia tumia zingefuri, zile mbegu nyekundu za kutia rangi, kwani mashamba ya viungo imejaa, lakini ile inaelekea rangi ya chungwa, halafu inataka mafuta, kwenye maji haikolei. Waachie watalii wajipake midomoni.

Mie naipenda zaidi damu ya gundi. Gundi nyeupe ya skuli, changanya na rangi ya akriliki, usitie maji, imwage juu ya mfuko wa nailoni uliotandazwa sawa, ivute kwa kijiti upate dimbwi na michirizi yake, iache mpaka kesho. Mwanzo itakuwa pinki usitishike, gundi ikikauka inakuwa haina weupe na rangi inazama. Ikikauka unaibandua taratibu kutoka pembeni, unakuwa na dimbwi la damu unaloliweka popote na kulitumia tena. Ukitaka damu iliyoganda nyunyiza chembe za kahawa ya kopo wakati gundi bado mbichi. Wakati wa masika haikauki upesi, hewa imejaa maji, iweke karibu na feni.

Hii inakuokoa pia na kuta za watu. Mji Mkongwe wa Zanzibar unapendeza kwa picha lakini chokaa inanyonya rangi na haitoki, na mji wenyewe ni urithi wa dunia tangu 2000, usije ukarusha rangi kwenye baraza ya mtu. Tafuta kipande cha plasta kilichoanguka, au kigae, kiwe ndio ukuta wako. Matone ya kurushwa unayafanya hapo hapo: chovya mswaki wa zamani, kung'uta kwanza kwenye gazeti, halafu ukwaruze nywele zake kwa kidole gumba. Kwenye mchanga usimwage kitu, unanyonya na kutanuka, changanya mchanga na rangi pembeni kwenye kijiko kisha unyunyize.

Damu ya kutiririka ni shira, nzito ile ya kaimati, na rangi ya chakula. Inang'aa kuliko zote ila piga haraka, sisimizi hawachelewi, na usiiache kwenye viungo vya mdoli, ikikauka mkono haukunjiki. Rangi ya chakula inaingia kwenye plastiki nyeupe, mpake vaselini nyembamba kwanza. Rangi ya kucha inang'aa vizuri lakini dawa yake inalainisha plastiki, ijaribu chini ya unyayo kabla hujampaka usoni.

Kwenye kupiga, taa iwe nyuma au ubavuni, tochi ya simu ya pili inatosha, ule mng'ao ndio unaoifanya ionekane mbichi. Punguza mwanga kwenye simu kidogo kabla ya kubonyeza. Jua la magharibi linageuza damu kuwa chungwa, bora kivulini saa nne asubuhi.

Ukimaliza, maji ya vuguvugu na sabuni siku ile ile, na mswaki kwenye maungio.