Jinsi ya kusimulia hadithi kwa picha moja inayovutwa karibu

Mwenzangu alikuwa na ramani ya kale na hadithi nzuri ya kuisimulia, ila hakujua aanzie wapi. Tuliamua kuisimulia mtandaoni kwa picha hiyo hiyo moja, msomaji akisogezwa karibu na sehemu moja baada ya nyingine. Hizi ndizo hatua tulizopitia.

1. Chagua picha. Moja tu, yenye mambo madogo madogo mengi: ramani, mchoro, ukurasa wa hati ya mkono. Itoke kwenye maktaba au makumbusho yanayotumia IIIF, utaratibu wa pamoja wa kuweka picha mtandaoni ili programu mbalimbali ziweze kuzifungua, kama Wellcome Collection ya London, Bodleian ya Oxford au Gallica, maktaba ya kidijitali ya Ufaransa. Soma masharti ya matumizi.

2. Pata anwani ya manifesti. Hapa ndipo wengi hukwama. Anwani ya ukurasa unaoutazama siyo manifesti. Manifesti ni faili la maandishi la aina ya JSON linaloieleza programu picha iko wapi na inaitwaje. Tafuta nembo ya IIIF kwenye ukurasa wa picha, nakili kiungo chake, kisha kifungue kwenye kivinjari. Ukiona maandishi matupu yaliyojaa mabano, umepata. Ukiona picha na menyu, bado.

Humo ndani zimo namba za upana na kimo kwa pikseli. Upana ukiwa chini ya 3,000, mimi huiacha picha hiyo, maana ukiivuta karibu utaona ukungu mtupu. Kumbuka pia kwamba manifesti ya kitabu hubeba kitabu kizima, kwa hiyo jua mapema unataka ukurasa wa ngapi.

Kuna wakati manifesti hufunguka vizuri kwenye kivinjari, lakini kihariri, yaani programu ya kutengenezea hadithi (hatua ya 3), kinaikataa. Kwanza angalia kama anwani inaanza na http badala ya https, kwa sababu ukurasa salama huzuia faili la namna hiyo. Kama siyo hilo, huenda seva, yaani kompyuta inayohifadhi picha, haijaruhusu tovuti nyingine zisome faili zake. Ruhusa hiyo, CORS, huwekwa na mwenye seva, na hakuna kitufe upande wako cha kuirekebisha. Waandikie wahusika, au tafuta nakala ya picha hiyo katika taasisi nyingine. Usikeshe ukibadilisha vivinjari.

3. Fungua kihariri. Napendelea Storiiies ya kampuni ya Cogapp, kwa kuwa haihitaji ujue kuandika programu za kompyuta. Bandika anwani ya manifesti.

4. Weka vituo, yaani sehemu za picha ambapo hadithi itasimama. Vuta karibu hadi kitu unachokizungumzia kijae kwenye fremu, kisha andika sentensi mbili au tatu, basi. Sipendi kuanza na picha nzima. Kwenye ile ramani tulianza na jahazi dogo lililochorwa baharini. Msomaji anajiuliza linaelekea wapi, na kituo cha pili kinampeleka bandarini. Panga vituo vilivyo jirani vifuatane. Ukimrusha msomaji kutoka pembe hii hadi ile, kizunguzungu kitamfukuza.

5. Chapisha. Kabla ya kusambaza kiungo, ifungue hadithi kwenye simu. Kioo ni kidogo, na maandishi marefu yanaweza kukifunika kile kile unachotaka kionekane. Yakifunika, punguza maneno.