Somo: kupimia rimu na tairi Datsun 240Z iliyopanuliwa fenda

Kila wiki kuna mwanachama wa klabu yetu anayeniletea picha ya rimu: "Ami, hii itaingia?" Nitajuaje, na gari lenyewe sijaliona? Rimu huchaguliwa na nafasi iliyo ndani ya fenda. Na fenda iliyokandwa kwa nyundo huko Majengo haifanani hata na mwenzake wa upande wa pili.

Hatua ya 1: nati. Z ina bolti nne. Kutoka katikati ya moja hadi katikati ya inayoitazama ni milimita 114.3. Rimu nyingi za Toyota ndogo ni 100. Usikubali kutobolewa matundu mapya.

Hatua ya 2: hapa ndipo penye kazi. Weka bodi juu ya stendi, toa tairi, kisha pandisha jeki chini ya mkono wa chini (chuma kinachoshika gurudumu kwa chini) mpaka gari likae kimo chake cha barabarani. Likining'inia, vipimo vyote ni uongo. Ning'iniza timazi ya mwashi kwenye ukingo wa fenda, uzi upite mbele ya habu, kile kitovu chenye bolti za gurudumu. Kutoka uso wa habu hadi uzi ndiyo nafasi ya nje. Kutoka uso huohuo kuingia ndani hadi kibakuli cha springi ndiyo nafasi ya ndani, na Z hubana hapo, mbele na nyuma. Punguza milimita 10 kila upande. Mbele, zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, upime tena.

Hatua ya 3: hesabu. Inchi ni milimita 25.4. Offseti ni umbali kati ya uso wa rimu unaokaa kwenye habu na katikati ya upana wake; ikiwa hasi, rimu husogea nje. Rimu ya inchi 7 yenye offseti sifuri huchukua 88.9 ndani na 88.9 nje. Ukienda inchi 8 kwa offseti hiyohiyo, unaongeza 12.7 kila upande, na ndani huenda huna. Inchi 8 yenye offseti -10 huongeza ndani 2.7 tu, nje 22.7. Fenda ilipanuliwa kwa ajili ya hiyo 22.7. Kumbuka tumbo la tairi huzidi vipimo hivi.

Hatua ya 4: tairi. Ile 175 ya inchi 14 ya kiwandani ina kimo cha kama milimita 635. 225/50 ya inchi 16 (upana milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 50 ya upana huo) ni 631. 205/60 ya inchi 15 ni 627. Spidomita haitalalamika. Soma na tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la Jumapili kwa jua letu, tairi hupasuka ubavuni na meno bado mapya.

Hatua ya 5: azima rimu moja yenye tairi. Bandika donge la unga wa chapati kwenye kibakuli na ndani ya ukingo wa fenda, tembeza gari polepole juu ya tuta, kisha pima unene uliobaki. Mimi niliruka hatua hii. Nikashuka gati la Likoni maji yamekupwa, gari likainama, nikasikia kama turubai linachanwa. Ukingo wa fenda ulikuwa umechora duara kwenye ubavu wa tairi jipya.

Maswali ya wanachama

Ami, spesa je, kile kisahani cha kati ya habu na rimu, badala ya rimu mpya?
Mwanangu, nyembamba yafaa. Bolti za Z ni milimita 12 zenye jino la 1.25, nati isiposhika karibu mizunguko kumi, itoe hiyo spesa.

Kaka, fenda yangu ya kulia imezidi ya kushoto kwa milimita 6.
Dadangu, pimia upande mwembamba. Na kabla hujamlaumu fundi wa bodi, kagua bushi (mipira ya viungo) za mkono wa chini. Huenda gurudumu ndilo lililohama.

Zile zilizoshinda Safari Rally zilikuwa pana hivi?
Ushindi wa 1971, na ule wa Shekhar Mehta wa 1973, ulikuwa wa matope na mawe. Kwenye tope tairi pana huelea. Hizi zetu ni za lami ya Nyali.

Unga wa ngano au wa mahindi?
Wa ngano. Wa mahindi humeguka, utaukuta sakafuni.