Kabla hujabadilisha besi jukwaani

Jumamosi moja, kwenye ukumbi wa harusi Nyegezi, nilimwachia kijana wa kwaya yetu gitaa langu la pili la besi ili nipate pumzi wakati maharusi wanakata keki. Akaivaa, akatazama nobu, akazifungua zote mpaka mwisho: volumu, na zile za toni, yaani besi (sauti nzito), midi (za kati) na trebo (nyembamba). Noti ya kwanza tu, glasi za meza kuu zikatetemeka. Fundi mitambo akairukia mikisa kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto.

"Wewe, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, kaka. Nimefungua tu."

Na kweli alikuwa amefungua tu. Besi aliyojifunzia ni pasivu, haina betri, na kwenye pasivu nobu iliyofunguliwa mpaka mwisho ndiyo sauti halisi ya gitaa. Ukiirudisha unapunguza, kuongeza haiwezi. Ile yangu ya pili ni akitivu. Ndani ina priampu, yaani kisaketi cha kukuza sauti kinachokula betri, na sifuri ya nobu zake za toni iko katikati, pale kidole kinapohisi kijigingi. Kutoka hapo kwenda kulia unaongeza, na priampu nyingi huongeza desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 12 hadi 15. Kila desibeli 6 ni kuzidisha volti mara mbili, kwa hiyo 12 ni mara nne. Kijana wa watu alikuwa anazipelekea noti za chini, ambazo ndizo mzigo mzito kwa spika, volti mara nne au zaidi ya zile fundi alizopimia mchana geini yake, ile nobu ya mikisa inayokuza sauti inapoingia.

Kwa hiyo kama una besi mbili, au unaazima ya mwenzako, au umeweka priampu mpya, jambo la kwanza ni kujua umeshika nini. Geuza gitaa, tafuta kijumba cha betri. Lakini usikimbilie kusema yenye betri ndiyo yenye nguvu. Nguvu inayotoka inaanzia kwenye pikapu (si lile gari la kubebea dagaa kutoka Mwaloni, nasema kile kidude cha sumaku na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara chini ya nyuzi). Waya ukizungushwa mara nyingi zaidi, nguvu hupanda na trebo hupungua. Pikapu yenye koili mbili zilizounganishwa kwa mfuatano hutoa kwa nguvu kuliko koili hizohizo zikiunganishwa sambamba. Ndiyo maana pasivu yenye pikapu nene inaweza kuizidi akitivu ambayo nobu zake zote ziko katikati. Kazi ya kwanza ya priampu siyo kupiga kelele. Ni kuifanya sauti ivumilie waya mrefu na vifaa vya mbele bila kupoteza trebo, na kukupa nafasi ya kurekebisha toni. Kampuni ya Music Man walipotoa besi ya StingRay mwaka 1976 ikiwa na priampu ndani, ladha yake ilitokana na hiyo toni pamoja na pikapu yake nene.

Umbali wa pikapu na nyuzi nao una neno. Bonyeza uzi wa E (ule mnene) kwenye freti ya mwisho, yaani kile kichuma cha shingoni kilicho karibu zaidi na pikapu, kisha pima nafasi iliyobaki mpaka juu ya pikapu. Kwa besi nyingi za muundo wa Precision au Jazz wa Fender, kama milimita 2.8 upande wa E na 2 upande wa G (uzi mwembamba) ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukiisogeza karibu, sauti inapanda. Ukizidisha, sumaku inaanza kuvuta uzi, na noti za juu shingoni zinakuwa kama zimelewa. Zungusha skrubu ya pikapu nusu mzunguko, piga, sikiliza, ndipo uzungushe tena. Nimeona besi nzuri ikitukanwa mwaka mzima kwa sababu ya skrubu mbili.

Kisha pima, nyumbani, siyo ukumbini. Chomeka besi ya kwanza kwenye mikisa, weka toni zote kwenye sifuri yake, piga E na A kwa nguvu ileile ya mkono unayotumia kwenye sebene, uangalie taa zinafika wapi. Usiguse geini. Chomeka ya pili, rudia. Tofauti utakayoiona hapo ndiyo itakayokuaibisha mbele za watu. Andika nafasi ya nobu kwenye kipande cha plasta, ubandike nyuma ya gitaa, ila chora mshale. Mimi niliandika "geini saa nne", mwenzangu akaipeleka kwenye 4 ya uso wa saa, na mimi nilimaanisha saa nne yetu, yaani kwenye 10.

Ukishajua tofauti, shusha yenye nguvu iifuate dhaifu. Kuipandisha dhaifu kwa geini kunapandisha pia mvumo, hasa umeme wa jenereta ukiwa na yake. Priampu nyingine zina kiskrubu kidogo kwenye bodi ya ndani cha kupunguza nguvu. Hicho ndicho cha kutafuta kwanza, kwa sababu ukikiweka mara moja umemaliza. Kama hakipo, shusha pikapu kidogo. Amplifaya nyingi za besi zina tundu la pili, au kitufe, kwa ajili ya akitivu, kinachopunguza desibeli 10 au 15. Kama besi yako ya akitivu haichafui sauti kwenye tundu la kawaida, acha ilipo. Jina la tundu lisikutishe.

Hapa kwetu wengi hatuna amplifaya ya besi. Kanisani unachomeka waya moja kwa moja kwenye mikisa, basi. Akitivu itakubali. Pasivu itanung'unika: pikapu yake inataka kukutana na kizuizi kikubwa, kama megaohimu 1, na tundu la kawaida la mikisa mara nyingi lina kama kiloohimu 10 tu. Sauti inaelemewa, inashuka, trebo inazama, halafu mzee wa kwaya anasema gitaa limekufa. Halijafa. Tafuta kiboksi cha DI, kile kinachokaa kati ya gitaa na mikisa ili sauti isielemewe, na kwa besi pasivu chukua DI ya akitivu, ile inayopewa volti 48 na mikisa au inayotumia betri yake. Baadhi ya mikisa ina kitufe cha gitaa kwenye chaneli moja, kibonyeze.

Betri ni jambo fupi lakini limeumiza wengi. Betri ya mraba ya volti 9 ya alkalini ina kama miliampia-saa 500, kwa hiyo priampu inayokula miliampia 1 itakaa nayo mamia ya saa. Inaisha mapema kwa sababu tunaacha jeki imechomekwa usiku kucha. Kwenye besi nyingi jeki ndiyo swichi. Ikichoka, sauti inashuka na noti nzito zinakwaruza. Kutofautisha ni rahisi: punguza geini ya mikisa. Mkwaruzo ukiisha, ulikuwa kwenye mikisa. Ukibaki, ila kwa sauti ndogo, unatoka kwenye gitaa. Kama mnakwenda kupiga Ukerewe, nunua betri mbili mjini kabla ya kupanda meli, na uzipime, maana zile za bei ya chee dukani huwa zimezeeka rafuni.

Usisahau kompresa na pedali. Kompresa, ile inayobana noti zinazozidi nguvu, imepangwa kwa besi moja. Ukileta yenye nguvu zaidi itaikaba kila noti, ukileta dhaifu haitaigusa kabisa. Bora kuizima kuliko kuipanga upya gizani.

Halafu kubadilishana kwenyewe. Mwambie fundi kabla ya shughuli kuanza kwamba kutakuwa na besi mbili, mjaribishe zote mbili mchana, wote mkiwa na akili timamu. Akiwa na chaneli mbili, kila besi ipewe yake na geini yake. Zikiwa kwenye chaneli moja, mkubaliane ishara: ukiinua mkono, anaizima chaneli. Ndipo unashusha volumu, unachomoa jeki upande wa gitaa, unachomeka ya pili, unahesabu sekunde mbili ili priampu itulie, na unashusha mkono.