Jinsi ya kuandika stori ya kweli isomeke kama hadithi

Yani watu wengi wakitaka kuandika stori ya kweli wanaanza na historia nzima, mi nasema anza na mtu mmoja na siku moja. Mfano unaandika kuhusu TAZARA, reli ya kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi huko Zambia, usianze na mwaka 1970 ujenzi ulivyoanza, anza na mzee aliyechimba mahandaki kule kati ya Mlimba na Makambako, ambako milima na mabonde yaliwatesa kuliko kipande kingine chochote.

Kaa nae. Usimuulize "ilikuwaje", muulize alivaa nini miguuni, asubuhi walikunywa uji wa nini, mvua ikinyesha kwenye hema walilalaje, afu nyamaza, maana ukinyamaza ndo vitu vinatoka. Rekodi kwa simu ila muombe ruhusa kwanza.

Afu kacheki. Akikwambia mafuriko yalisimamisha kazi, nenda Nyaraka za Taifa au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar, funua magazeti ya miaka ile ukurasa kwa ukurasa, na mtafute mwenzake wa kambi moja. Wakipishana usichague unayempenda, andika kwamba wanapishana, hiyo nayo ni stori.

Maongezi ambayo hakuna aliyekusimulia usiyatunge, hata yangenoga vipi, hapo mi sina msamaha kabisa. Ukimaliza msomee mzee kwa sauti, akikunja uso mahali, rudi hapohapo umuulize.