Kuchora kibonzo cha bajeti bila kupotosha hesabu

Bajeti ina mamia ya tarakimu, na kibonzo kina nafasi ya moja tu. Kwa hiyo kazi huanza kwa kusoma, kabla hujagusa penseli. Usiishie kwenye hotuba, maana humo serikali hutaja inachojivunia. Fungua majedwali ya makadirio na muswada wa fedha. Kodi mpya na mafungu yaliyokatwa yamo humo. Linganisha pia makadirio ya mwaka uliopita na fedha zilizotoka kweli. Wizara iliyotengewa fedha nyingi ikapewa nusu yake ni habari nzito kuliko ahadi mpya.

Ukishapata tarakimu yako, andika sentensi moja fupi: nani ameamua nini, na nani atalipa. Kwa mfano: waziri amepandisha ushuru wa mafuta, na abiria ndiye atakayeulipa. Sentensi ikikataa kunyooka, habari bado hujaielewa. Rudi kwenye majedwali. Sentensi hiyo haitaandikwa kwenye mchoro, lakini kila kitu kisichoihudumia kitafutwa.

Sasa tafuta kitenzi. Nakisi (kiasi ambacho matumizi ya serikali yanazidi mapato yake), riba na mfumuko wa bei havina sura, ila vina vitendo: vinameza, vinavuja, vinapanda, vinamwelemea mtu. Mwaka 1797, Benki ya Uingereza iliposimamisha kubadilisha noti kwa dhahabu, mchoraji vibonzo Mwingereza James Gillray aliichora kama bibi kizee aliyevaa gauni la noti na kukalia sanduku la hazina, huku Waziri Mkuu Pitt akijifanya kumbembeleza huku mkono wake umo mfukoni mwa bibi huyo. Msomaji asiyejua lolote la fedha alielewa nani anamwibia nani. Mwaka 1831 mchoraji Mfaransa Honoré Daumier alimchora mfalme wa Ufaransa akimezeshwa vikapu vya fedha za wananchi, na mchoro huo ulimpeleka gerezani. Kwa hiyo epuka keki inayogawanywa na mkanda unaokazwa: vimechorwa mno, na havisemi nani ameshika kisu.

Chora vijipicha sita hadi kumi, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita tano hivi. Kwa kawaida viwili vya kwanza ni vile ambavyo kila mchoraji angevifikiria, viweke kando.

Vibonzo vingi vya uchumi huharibikia kwenye hesabu, na msomaji makini hasamehe. Nakisi ni pengo la mwaka mmoja, deni ni mrundikano wa mapengo hayo. Nakisi inaweza kupungua huku deni likikua, hivyo usichore mzigo ukipungua. Chora mzigo uleule ukiongezewa jiwe dogo kuliko la mwaka jana. Mfumuko wa bei ukishuka kutoka asilimia 8 hadi 4, bei hazijashuka. Kitu cha 100 kilifika 108, kisha 112.32. Ngazi inaendelea kupandwa, ila polepole. Vivyo hivyo, fungu lililoongezwa kutoka 100 hadi 105 wakati bei zimepanda kwa asilimia 8 linanunua vitu vya takribani 97 tu. Hapo ndipo penye kibonzo: waziri anakabidhi kikapu kikubwa zaidi, na ndani yake mna vitu vichache zaidi.

Ukubwa nao hudanganya. Deni likiwa limeongezeka mara mbili, nawe ukachora gunia la pili lenye urefu maradufu na upana maradufu, eneo lake limekuwa mara nne, na jicho linalohesabu ujazo huweza kuona mara nane. Chora magunia mawili yanayolingana, au zidisha urefu na upana kwa 1.4 tu.

Kwa wahusika, wawili au watatu wanatosha. Anayelipa awe mbele na sura yake ionekane. Mara nyingi huchorwa kama umati usio na nyuso, na hapo kibonzo hupoteza uchungu wake. Kwa kiongozi, tia chumvi sehemu mbili za uso, si tano. Lenga uamuzi wake. Kilema, kabila na umaskini wa mtu havidhihakiwi.

Maneno yote, pamoja na lebo, yasizidi kumi na tano. Kama kila kitu kinahitaji lebo, taswira imekosewa na lebo hazitaiokoa. Methali iliyoandikwa chini ya picha inayosema jambo lilelile ni mzigo. Ifute moja kati ya hizo mbili.

Chora kwa ukubwa wa mara moja na nusu ya nafasi ya kuchapisha. Mstari wa milimita 0.3 utabaki 0.2, kwa hiyo mistari ya nje iwe 0.5 au zaidi. Andika maneno ya wahusika kabla ya kuchora kiputo kinachoyazunguka, vinginevyo herufi zitabanana. Skani mistari myeusi kwa nukta 600 kwa inchi; kwa rangi 300 zinatosha. Kisha punguza picha hadi upana wa simu na umwonyeshe mtu ambaye hakuifuata bajeti. Mwulize nani analipa. Akitaja mtu mwingine, tatizo liko kwenye mpangilio wa wahusika, na maelezo ya ziada hayatalitibu.

Kwenye programu ya kuchorea, hifadhi maandishi kwenye tabaka (layer) lake peke yake: bunge likibadilisha kiwango cha kodi, utarekebisha tarakimu bila kugusa mchoro.