Somo: Umelipia 20, mbona kompyuta inasoma 2.3? Kubadili vipimo vya kasi ya data

Wakuu, habari za jioni. Juzi mteja alinipigia saa nne usiku, amefura. Analipia spidi ya 20, lakini akishusha faili kompyuta inamwonyesha 2.3. "Fundi, hawa jamaa wananiibia." Nikamwomba anisomee herufi zinazofuata baada ya namba. Kwenye risiti: Mbps. Kwenye kompyuta: MB/s. Hakuibiwa. (Siku za kuibiwa kweli zipo, ila hiyo haikuwa mojawapo.)

Shika kikokotoo cha simu, twende.

Hatua ya 1: Angalia b kabla ya kuangalia namba

b ndogo ni biti, yaani 0 au 1, chembe ya mwisho kabisa ya data. B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo Mbps ni megabiti kwa sekunde, na MB/s ni megabaiti kwa sekunde. Watu wa mitandao hupima kasi kwa biti kwa sababu hizo ndizo zinazopita njiani. Watu wa kompyuta hupima ukubwa wa faili kwa baiti. Mdomoni wote tunasema "mega" tu, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Wauzaji nao hawana haraka ya kufafanua, maana namba ya biti ni kubwa mara nane.

Hatua ya 2: Gawa kwa 8, au zidisha kwa 8

Kutoka biti kwenda baiti unagawa. Kurudi, unazidisha.

20 Mbps ÷ 8 = 2.5 MB/s
2.3 MB/s × 8 = 18.4 Mbps

Hiyo 1.6 imekwenda wapi? Ni gharama ya vifungashio. Data husafiri kwa pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya inakotoka na inakokwenda. Kwenye waya wa Ethernet, pakiti iliyojaa hukalia nafasi ya baiti 1,538, na za faili lako humo ni kama 1,460, yaani asilimia 95. Mimi nikiona mteja anapata asilimia 90 na kuendelea, nafunga begi la vifaa naondoka.

Hatua ya 3: Kilo, mega, giga, tera

Kwenye kasi ya mtandao kila ngazi ni 1,000. Kbps 1,000 ni Mbps 1, Mbps 1,000 ni Gbps 1. Kwenye kumbukumbu za kompyuta ilizoeleka 1,024. Mwaka 1998 shirika la viwango la IEC lilileta majina ya kutenganisha mambo (KiB, MiB, GiB), lakini Windows mpaka leo inahesabu kwa 1,024 na kuandika GB. Mtengeneza diski yeye anahesabu kwa 1,000, ndiyo maana diski ya TB 1 inasoma GB 931. Hakuna aliyekula GB 69.

Tahadhari kwa waliowahi kufanya kazi na laini za E1 (laini za kidijitali za kampuni za simu): kasi yake ni 2,048 Kbps, na wengi hudhani ni 1,024 mara mbili. Siyo. Sauti ya simu hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, jumla biti 64,000 kwa sekunde, yaani 64 Kbps. Laini ina njia 32 za namna hiyo: 64 × 32 = 2,048. Namba zimegongana tu. Kwa kulinganisha, mkongo wa SEACOM uliowashwa Julai 2009 ukapita Mombasa na Dar es Salaam ulitangazwa kuwa na uwezo wa Tbps 1.28. Gawa mwenyewe: ni sawa na E1 625,000. Sisi tuliokaa intaneti kafe kwenye laini ya 64 Kbps, yaani KB 8 kwa sekunde, tukisubiri picha ya KB 400 kwa sekunde 50, tunajua maana yake.

Hatua ya 4: Muda

Filamu ya GB 1.4 ni MB 1,400. Kwa 2.3 MB/s, 1,400 ÷ 2.3 = sekunde 609, dakika kumi na ushee. Bando nalo ni hivyo hivyo. Video inayovuta 2 Mbps inakula MB 0.25 kila sekunde, kwa hiyo GB 1 inakwisha kwa sekunde 4,000. Saa moja na dakika saba, umebaki na salio la kusoma meseji.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, simu yangu nimeiweka Kifaransa, inaandika Mo na Go. Hizi nazo ni zipi? (Goma)*

Hiyo o ni ya octet, yaani kifurushi cha biti 8. Mo ni MB, Go ni GB, usibadilishe kitu. Kifaransa kimetuzidi hapo: o na b huwezi kuzichanganya.

*Fundi, nikipima spidi napata 40 Mbps lakini faili linashuka kwa 1.2 MB/s. Nigawe mara ngapi?*

Mara moja inatosha, kaka. 1.2 × 8 = 9.6 Mbps, robo ya ulichopimiwa. Hilo siyo suala la vipimo. Shusha faili kutoka tovuti nyingine. Likienda haraka, seva ya kwanza ndiyo nzito. Lisipokwenda, chomeka waya kwenye ruta ujaribu tena kabla ya kumpigia mtoa huduma.

*Naomba hesabu ya CCTV. Kamera 4, kila moja 2 Mbps, diski TB 1. Inakaa siku ngapi? (Nakuru)*

4 × 2 = 8 Mbps, ambayo ni MB 1 kwa sekunde. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo GB 86.4 kwa siku. 1,000 ÷ 86.4 = siku 11 na nusu, kisha inaanza kufuta za zamani. Na ukitaka kuzitazama zote nne kwa ubora huo ukiwa safarini, hiyo 8 Mbps lazima iwe spidi ya kupandisha, siyo ya kushusha. Muulize anayekuuzia laini kabla hujalipa.